Kundi la Machi

Sulabha Ghorpade alikuwa na ulimi uliojulikana wilaya nzima. Ungemkatia kipande cha jibini kisichozidi ukubwa wa dadu, angekitafuna taratibu huku amefumba macho, akakitema kwenye ndoo, kisha akakwambia kwamba ng'ombe wa upande wa kaskazini wamekula vitunguu pori, au kwamba tangi namba nne halikusuuzwa vizuri Jumanne iliyopita. Mwanzoni wafugaji wa mji wa Oslund, watu wa Wisconsin wenye mikono mipana na maneno machache, walimbishia. Wakaenda kuangalia malishoni, wakakuta ndivyo. Hawakubisha tena. Mmoja wao alimbandika jina la Pua, ingawa kazi yote ilifanywa na ulimi, na jina hilo likamganda.

Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na mitatu katika kiwanda cha jibini cha Brennick. Alikuja Marekani kusoma sayansi ya vyakula akiwa binti wa miaka ishirini na minne, akitokea Sangli, ambako marehemu baba yake alikuwa mpima maziwa wa chama cha ushirika. Sasa alikuwa anakaribia arobaini. Aliishi peke yake katika vyumba viwili juu ya duka la kinyozi, na ukiwaacha watu wa kazini, aliweza kutoka Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi bila kusema na mtu uso kwa uso.

Si kwamba hakuwa na pa kwenda. Kiwanda kimoja cha Chicago kilimtaka mara mbili. Hata pale Brennick alipewa cheo cha kusimamia maabara zote mbili, akakikataa, na safari ya pili akakikataa tena, mpaka wenzake wakamwona mtu wa ajabu. Kilichomfunga ni kadi ya ukaazi, ile ambayo watu huiita kadi ya kijani. Brennick walimwombea mwezi Machi, mwaka wake wa pili kazini, na ombi likakubaliwa. Lakini kukubaliwa si kupewa. Waliozaliwa India walikuwa wengi na kadi za mwaka zilikuwa chache, kwa hiyo kila mmoja alipewa tarehe yake akaambiwa asubiri zamu. Foleni hiyo ilisogea wiki moja kwa mwezi. Kuna miezi haikusogea kabisa, na kuna miezi ilirudi nyuma kana kwamba waliokuwa mbele wamezaliana. Na muda wote huo ombi lilikuwa limefungwa kwa mwajiri yuleyule na kazi ileile. Ukibadilisha cheo, ukibadilisha mji, unaweza kujikuta unaanza upya mkiani.

Basi Sulabha akajifunza kutotikisika. Viatu vyake vya theluji vilichakaa, akanunua vingine vya aina ileile.

Kisha ukaja mwaka wa ule ugonjwa uliofunga dunia, na mwezi Oktoba mlango ukafunguliwa ghafla: wenye tarehe kama yake wakaruhusiwa kupeleka sehemu ya mwisho ya maombi yao. Ilikuwa purukushani. Watu walipigia simu binamu zao India wakatafutiwe vyeti vya kuzaliwa, na Sulabha aliendesha gari kwa muda wa saa tatu kwenda kwa daktari aliyeidhinishwa kumpima kifua. Katika hekaheka ile mtu mmoja akaanzisha kundi la simu la watu wote aliowajua ambao tarehe zao zilikuwa za Machi ule. Wakafika hamsini na wanane. Waliliita Kundi la Machi.

Mlango ulibaki wazi muda mfupi, na wengine wakapita. Mtu akipata kadi alituma picha ya bahasha, akapongezwa siku nzima, kisha kesho yake akaondoka kundini, maana hakuwa na la kungoja tena. Halafu mlango ukafungwa. Walibaki kumi na mmoja, wale ambao faili zao zilichelewa mezani kwa mtu fulani kwa sababu ambayo hakuna aliyeijua.

Kati ya hao kumi na mmoja alikuwapo Ghanashyam Pendse wa Dayton, Ohio, fundi mchora mitambo ya kupoza hewa. Yeye ndiye aliyekuwa mjuzi wa kundi. Taarifa ya serikali kuhusu foleni ilipotoka kila mwezi aliisoma kwanza, akawafafanulia wenzake kwa sauti nzito iliyotoka kwenye simu kama inatoka ndani ya pipa. Mkewe wa zamani alikuwa Seattle. Siku moja Sulabha aliuliza kundini kama kuna anayejua pa kupata unga mzuri wa dengu, na Pendse badala ya kuandika akampigia. Ilikuwa Jumapili, yeye alikuwa jikoni, na Sulabha naye alikuwa jikoni. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila Jumapili saa tano asubuhi walipika chakula kimoja, kila mtu na sufuria yake, simu zimeegemezwa ukutani.

"Mvuje umetia?"

"Bado. Haradali haijapasuka."

"Moto wako mdogo, dada Sulabha. Majiko ya Wisconsin yana uvivu."

"Jiko halina neno. Mafuta ndiyo nimetia mengi, mama angeniona angenifukuza."

Alimwita dada ingawa yeye ndiye aliyemzidi miaka sita, na Sulabha alimwita bwana Pendse. Hawakuwahi kuonana. Miaka mitatu na ushei walipika hivyo, na hakuna hata mmoja wao aliyesema kwamba ile ndiyo saa aliyoingoja wiki nzima.

Mwezi Mei, Arlys Tveit, mkuu wa maabara, alimwita Sulabha kwenye chumba cha chakula. Arlys alikuwa mwanamke wa miaka sitini na minne, na ndiye aliyemchukua kazini siku ile ya kwanza. Mbele yake palikuwa na mkate wa mayai ambao hakuugusa.

"Sula, kaa chini."

"Nimekaa, Arlys."

"Basi kaa vizuri zaidi. Brennick wameuza kiwanda. Wenye mali wapya wana maabara yao Missouri, kubwa, ina mashine za kunusa. Hii yetu itafungwa mwisho wa Juni."

Sulabha aliutazama mkate. "Na wewe?"

"Mimi nastaafu, mwanangu. Binti yangu yuko Arizona, ananiita tangu baba yake afariki. Mimi siyo wa kuhangaikiwa. Nimewauliza habari yako. Wanasema wanakupa kazi ofisini, kupanga magari ya mizigo."

"Magari?"

"Magari."

"Hiyo siyo kazi iliyoandikwa kwenye ombi langu."

"Najua. Ndiyo maana sijala." Arlys akausukuma mkate pembeni. "Sikiliza. Kuna kiwanda cha mtindi New York, kule mashambani, mji unaitwa Carrow. Bosi wake tulisoma naye. Nimempigia jana bila kukuuliza, ukitaka kunichukia nichukie. Anataka mtu mwenye ulimi."

Sulabha hakumchukia. Alikwenda maliwatoni, akafungua maji ya bomba, akalia kidogo.

Wakili aliyeshughulikia ombi lake siku zote alikuwa wakili wa kiwanda, kwa hiyo ilibidi atafute wa kwake. Akapata mmoja wa Milwaukee, Bi. Aronoff, mwanamke aliyezungumza haraka kama anayekimbilia basi.

"Ombi lako la mwisho limekaa serikalini muda gani?"

"Miaka mitatu na miezi saba."

"Sheria inataka siku mia na themanini. Umezipita mara saba. Unaweza kuhama, mradi kazi mpya iwe ileile au ifanane nayo. Mwajiri mpya anatia saini fomu, tunaipeleka, na nafasi yako kwenye foleni inabaki palepale."

"Kwa hiyo hakuna hatari."

"Sijasema hakuna hatari. Nimesema sheria inaruhusu. Atakayeamua kama mtindi unafanana na jibini ni ofisa mmoja mezani kwake, na mimi simjui."

Jumapili iliyofuata Sulabha alimweleza Pendse. Walikuwa wanapika uji mzito wa dengu unaoliwa na mkate wa mtama. Pendse akaacha kukoroga.

"Bwana Pendse?"

"Nipo. Dada Sulabha, umerogwa? Tumebakiza miezi! Taarifa ya Juni imesogea, ya Julai huenda ikasogea. Kaa hapo, panga hayo magari, funga mdomo."

"Nikipanga magari ndiyo nimebadilisha kazi zaidi. Kazi iliyoandikwa ni ya kupima ubora wa chakula. Lori nitalionja wapi?"

"Usinichekeshe, nimekasirika."

"Sikuchekeshi."

"Mimi hapa nina miaka kumi na minne kwenye kiti kimoja. Kiti chenyewe kimepinda. Wamenipa chumba karibu na choo, nimekaa. Wamempandisha mtu niliyemfundisha mimi, nimekaa. Unajua kwa nini?"

"Najua."

"Basi kaa na wewe." Akasikika akikwangua sufuria kwa nguvu. "Umeona sasa? Umeniunguzia dengu."

Kundini nako kulichafuka. Mmoja alisema mpwa wake alihama na hakupatwa na kitu. Mwingine akasema jirani yake alihama akaulizwa maswali mwaka mzima. Mwanamke mmoja wa Texas aliandika: "Jibini ni mtindi uliokosa haraka. Mwambieni ofisa hivyo." Wakacheka wote, na baada ya kucheka kila mtu akarudi kwenye hofu yake.

Sulabha alipiga moyo konde. Wiki ya mwisho ya Juni alipakia gari lake, akamkumbatia Arlys kwenye maegesho, na Arlys akamsukuma mlangoni akisema nenda, nenda, kabla sijaharibu uso wangu. Wakati akipanga njia alikuwa ameona kwamba akizunguka kidogo upande wa kusini angeweza kupita Dayton. Alimwambia Pendse kama mzaha.

"Sasa ukipita usiingie, utakuwa umenitukana," alisema Pendse. "Nitapika."

Alifika mchana wa siku ya pili. Mlango ulifunguliwa na mtu mdogo, mwembamba, nywele zimechanwa kwa maji, shati jeupe lina mistari ya kukunjwa dukani. Sulabha alitafuta ile sauti nzito ndani ya kifua kile akashindwa kuona ilikokuwa inakaa.

"Karibu, karibu. Umechoka? Barabara ilikuwaje? Viatu acha tu. Au vua. Vyovyote."

Alikuwa ameandaa meza ya watu wawili. Sahani zilikuwa mpya, na chini ya sahani ya Sulabha palikuwa bado na karatasi ya duka. Alikuwa amepika kila kitu walichowahi kupika pamoja, mpaka pakawa hapana pa kuweka glasi. Wakala. Kila mmoja alisifu. Ajabu ni kwamba hawakuwa na la kusema. Kwa simu walipayuka saa nzima, huyu anakaanga na yule anakanda, lakini sasa walipokuwa wamekaa wakitazamana, kila neno lilikuja na nguo za sikukuu.

"Sulabha, chumvi imetosha?" aliuliza Pendse ghafla.

Wote wawili walisikia. Hakusema dada. Masikio yake yakaiva, akainuka kwenda kuleta maji wakati jagi lilikuwa mezani limejaa.

Baada ya chakula alivuta droo ya kabati la chuma, akatoa bahasha moja baada ya nyingine. Zilikuwa saba. Zote zilikuwa barua za kazi, Denver, Atlanta, moja hata ya Singapore.

"Hizi nimezikataa," alisema. "Sijamwonyesha mtu. Hii ya Denver walikuwa wananipa timu nzima. Nilikaa nayo siku tisa."

"Kwa nini hukwenda? Siku mia na themanini hata wewe zilikuwa zimepita."

"Niliogopa." Alisema hivyo bila kujitetea, kama mtu anayetaja mji aliozaliwa.

Sulabha alizishika zile bahasha mapajani. "Karibu na Carrow kuna kiwanda cha majokofu," alisema. "Niliona kwenye ramani. Nusu saa tu kwa gari. Wao nao lazima wanatafuta mtu wa kuchora mitambo."

Pendse hakumtazama. Alizichukua bahasha, akazigonga mezani mpaka kingo zikalingana.

"Wacha nipate kadi kwanza," alisema. "Nikishapata kadi, mambo yote yatazungumzika."

Alimfungia chakula kilichobaki kwenye mikebe sita. Gari lilipoanza kutoka aliinama dirishani akasema, "Safari njema, dada Sulabha," na neno dada likarudi mahali pake.

Carrow ulikuwa mji wa mtaa mmoja na kanisa moja kubwa kuliko mahitaji. Kiwanda kilikuwa ng'ambo ya mto. Bosi mpya, Dunphy, alikuwa mtu wa mizaha aliyejaribu kulitamka jina la Ghorpade kila asubuhi akalikosa kwa namna tofauti. Kazi yenyewe aliipenda siku ya kwanza. Mtindi aliufahamu kabla hajajua kusoma. Nyumbani mama yake aliuvika taulo kila jioni na kuuweka juu ya pipa la mchele, na asubuhi Sulabha ndiye aliyefunua kuona kama umeganda. Hapa waligandisha malori kwa malori, lakini ulimi ulijua njia. Wiki ya tatu alisimamisha mtambo mzima kwa sababu ya uchungu ambao mashine hazikuuona, wakafungua bomba wakakuta mpira umeoza. Dunphy alimwinulia kofia mbele ya watu wote, akamwita Gorilapade.

Saa kumi alitoka kazini, na hapo ndipo siku ilipomshinda. Oslund alikuwa mpweke, lakini upweke ule aliujua pembe zake zote. Alijua kinyozi anafunga saa ngapi na mbwa wa nani analia. Carrow hata mbwa hakuwajua. Alimaliza ununuzi wa wiki kwa dakika ishirini, akawa anarudi dukani kesho yake kununua limau moja.

Jumapili Pendse aliendelea kupiga, lakini mazungumzo yalikuwa yameingia baridi. Aliuliza hali ya hewa. Aliuliza kama fomu imepokewa. Walishasikia kila mmoja alivyonyamaza mbele ya mwenzake, na sasa kimya kile kiliwafuata mpaka kwenye simu.

Mwezi Novemba ikaja barua kutoka serikalini. Haikukataa. Ilitaka maelezo na ushahidi kwamba kazi ya Carrow inafanana na ile ya Oslund, na ilimpa siku themanini na saba. Bi. Aronoff alisema ni jambo la kawaida. Sulabha aliisoma amesimama mlangoni na koti lake, na alipomaliza akagundua alikuwa hajafunga mlango na theluji imeingia mpaka kwenye zulia.

Ilibidi aandike kila alichofanya Oslund kwa miaka kumi na mitatu, na kila anachofanya sasa, saa kwa saa. Brennick hapakuwa tena na mtu wa kumshuhudia, maana wenye mali wapya walijibu kwamba kumbukumbu za maabara zimo maghalani. Akampigia Arlys huko Arizona. Baada ya siku kumi ikafika bahasha nene. Arlys alikuwa ameandika kwa mkono, kurasa sita.

"Kwa anayehusika," alianza. "Mimi nimeonja maziwa na vyote vitokanavyo na maziwa kwa miaka arobaini na moja. Sulabha Ghorpade alifanya kazi mkono wangu wa kulia. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mtoto wa mtu haumwi tumbo kwa sababu ya chakula chetu. Nimesoma anachofanya Carrow. Ni kazi hiyohiyo. Kama mnaona ni tofauti, nipigieni, nitawaeleza polepole." Akaweka namba yake ya simu, na chini yake saa anazokuwa macho.

Bi. Aronoff alisema barua za mkono si desturi, lakini hii ataipeleka kama ilivyo.

Majibu hayakuja. Ikapita Januari, ikapita Februari. Kisha taarifa ya Aprili ikatoka na foleni ikasogea miezi miwili kwa mpigo, ikaimeza Machi yao yote. Kundini watu walipiga kelele kama wako uwanjani. Mwanamke wa Texas alituma picha ya bahasha wiki ya kwanza. Wakafuata wawili, wakafuata wengine watatu. Kila mmoja aliaga, akaombewa heri, akaondoka.

Jumanne moja Sulabha alikuwa maabara, kijiko mdomoni, simu ikatetemeka mezani. Ilikuwa mstari mmoja mdogo wa kijivu, ule ambao simu hujiandikia yenyewe: Ghanashyam Pendse ameondoka kwenye kundi. Hakukuwa na picha ya bahasha wala neno.

Jumapili aliegemeza simu ukutani saa tano. Akakatakata kitunguu. Akangoja mafuta yapate moto, akatia haradali, ikapasuka, akatia mvuje. Saa tano na nusu alipiga yeye. Iliita mpaka ikakatika. Alikula amesimama, akaosha sufuria, akaifuta, akairudisha kabatini.

Jumapili nne alifanya hivyo. Ya tano aliamka akala mkate na chai.

Ujumbe wake ulikuja katikati ya Juni.

"Dada Sulabha, nisamehe. Kadi ilipofika nilifurahi dakika kumi, halafu nikaona aibu kwamba nyinyi bado. Nikasema nitakupigia siku yako ikifika. Nimekuja Nagpur kumwona mama, miaka tisa sijamwona. Amekuwa mdogo, amenishika mkono hauachii. Kuna kampuni hapa imenipa kazi. Nafikiri sitarudi."

Sulabha alicheka peke yake jikoni. Miaka kumi na mitano kiti kimoja, kwa ajili ya kadi, na kadi ilipofika ameiacha! Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na pale sakafuni kicheko kikamwishia. Aliandika majibu marefu, akayafuta. Akaandika kwamba angeweza walau kupokea simu, akafuta. Mwisho akaandika, "Msalimie mama," akatuma, na kijialama kikaonyesha umesomwa.

Kadi yake ilikuja Agosti. Hakuna ofisa aliyempigia Arlys, na hakuna aliyeeleza miezi yote ile ilikuwa ya nini. Ilikuwa katika bahasha nyembamba pamoja na matangazo ya matairi, na kadi yenyewe ilikuwa nyepesi. Alipotaka kulipasha habari Kundi la Machi aliona wamebaki wawili, yeye na mtu mmoja wa California ambaye hakuwahi kuandika hata mara moja. Akatuma picha ya bahasha. Yule mtu akatuma dole gumba.

Mama yake, simuni, alilia kwa furaha na kuwaita majirani. Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, maana yake unarudi, au maana yake hurudi?"

"Maana yake naweza kufanya nitakalo, mama."

"Ehe. Na unataka nini?"

Sulabha alisema simu inakatakata.

Kazini walimletea keki. Dunphy alipiga makofi akasema, "Haya, sasa unaweza kutukimbia, twende wapi na mtindi wetu?" Wote wakacheka, naye akacheka. Jioni alikaa na swali lile kwa dhati. Sasa aliweza kwenda Chicago. Aliweza kufanya kazi yoyote, ya kuonja au ya kupanga magari, kwa mtu yeyote. Alipitisha miji akilini mmoja baada ya mwingine kama mtu anayejaribu funguo, na hakuna mji alikomjua mtu ambaye angefurahi kusikia gari lake likisimama nje. Sangli chumba chake kilikuwa sasa cha watoto wa kaka yake. Arlys alikuwa Arizona, anaonyesha wajukuu jinsi ya kukaanga mayai. Basi akabaki Carrow, si kwa kufungwa tena.

Jumamosi alikwenda duka la samani. Miaka yote aliyoishi Marekani hakuwa amenunua kitu kisichoingia kwenye gari dogo, maana hakujua lini ataambiwa aondoke. Alichagua meza ya mti wa mwaloni, nzito.

"Hii nzuri," alisema muuzaji, mzee mwenye penseli sikioni. "Inakuja na viti sita."

"Naweza kupata viwili?"

"Hatuvitenganishi, bibie. Nyumbani mko wangapi?"

Sulabha alipapasa ubao wa meza. "Niletee vyote," alisema.

Wanaume wanne waliipandisha ngazi Jumanne jioni, wakahema, wakanywa maji, wakaondoka. Alikaa kwenye kiti cha upande wa dirisha. Kisha akahamia cha upande wa jiko, akakaa kidogo. Akahamia cha tatu, kisha cha nne, akitazama chumba kinavyoonekana kutoka kila kimoja, mpaka akavimaliza vyote sita, akainuka kuwasha taa.